Gurnah Akisomwa Kutoka Ngarambe

Ukitoka Dar es Salaam ukashika barabara ya kusini, unapita Mkuranga, unapita Kibiti, unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha unaiacha lami na kuingia njia za vumbi zinazoelekea misitu ya Ngarambe. Upande mmoja ni mashamba ya watu, upande wa pili ni wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtanzania aliyekaa darasani hata miaka michache amelisikia jina la Ngarambe, kwa sababu hapa ndipo alipoishi Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa mwaka 1904 na 1905 mpaka watu wakawa wanafika kwake makundi kwa makundi. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba ya Wajerumani kule Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita vilivyobaki vilipiganwa bila yeye.

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya leo yanamhusu mwandishi wa Uingereza. Usishangae kuona yanaanzia Ngarambe. Mwandishi huyo ni Abdulrazak Gurnah, raia wa Uingereza, mkazi wa Canterbury, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Kent, na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Lakini mtu wa Rufiji akisimuliwa yaliyomo ndani yake, atatambua nyumba, vyakula, ugomvi wa ndugu, deni la duka na majina ya watu kabla hajaambiwa jina la mtunzi.

Gurnah alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948, akakulia mtaa wa Malindi, karibu na bandari. Huko mtoto alikuwa akiamka na kuona majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yametia nanga, na mabaharia wamejaa mitaani. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Yemeni. Alianza chuoni, yaani chuo cha Kurani kama kila mtoto wa pwani, halafu akaingia shule ya serikali ambako masomo yalikuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo kichwani mwake yakakaa pamoja mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha: visa vya Kurani na hadithi za Alfu Lela Ulela upande huu, Shakespeare upande ule. Katika mhadhara wake wa Nobel, Desemba 2021, alikumbusha kwamba kuandika kulikuwa starehe yake tangu utotoni. Mwalimu akitoa kipindi cha kutunga hadithi, mtoto huyu alikuwa akikisubiri kwa hamu.

Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu Unguja, hasa kwa familia zilizohesabiwa kuwa za Kiarabu, na kijana huyu akiwa na umri wa miaka 18 akaondoka kwenda Uingereza. Alifika wakati mbaya. Mwaka 1968 mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba Birmingham dhidi ya wahamiaji, hotuba iliyowatia hofu watu weusi nchi nzima. Gurnah alisoma Canterbury, na kwa muda akafanya kazi ya utumishi hospitalini: kusukuma vitanda, kubeba wagonjwa, kusafisha. Kazi hiyo haikupotea bure. Katika riwaya yake ya pili, Pilgrims Way ya mwaka 1988, kijana Mtanzania aitwaye Daud anafanya kazi kama hiyo katika mji huohuo wa Canterbury, anatukanwa njiani, na anapoza moyo kwa mambo mawili: kupenda kriketi, na kutunga kichwani barua ambazo hazitumi kwa mtu yeyote.

Mwaka huohuo wa 1968, wakati Gurnah ni mgeni kule kwenye baridi, wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakizunguka vijiji vya kusini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Maji Maji. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliandika sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu Kinjikitile kutokana na vinywa vya wazee wa Umatumbi na Rufiji. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake Kinjeketile. Nchi ilikuwa inajikusanyia ushujaa wake, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Taifa changa linahitaji kujua kwamba babu zake walisimama.

Gurnah alilishika jambo hilohilo kwa mkono mwingine. Ilimchukua miaka mingi kufika.

Mwaka 1984 alirudi Unguja kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Ameeleza kwamba siku moja alimwona baba yake, sasa mzee, akitembea polepole kwenda msikitini, akajiuliza: mtu huyu alipokuwa mtoto, aliwaonaje hao Wazungu waliokuwa wanaichukua nchi? Swali hilo ndilo lililozaa Paradise, riwaya ya mwaka 1994 iliyoingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Ndiyo riwaya yake ya kwanza kutafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri inaitwa Peponi, ya Dakta Ida Hadjivayanis, nayo ilichapwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022.

Hapo ndipo panapofaa kukaa kidogo, kwa sababu ukitaka kujua mwandishi huyu alikunywa kisima gani, Peponi inakuonesha. Kijana wa miaka 12 aitwaye Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz. Yeye anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Yusuf ni mzuri wa sura. Mke wa tajiri anamtamani, na siku moja shati linachanika kwa nyuma. Mtu yeyote aliyekaa chuoni, awe wa Mafia, Kilwa au Utete, hapo anainua kichwa, maana kisa hicho anakijua tangu hajajua kuandika jina lake. Ni kisa cha Nabii Yusuf. Gurnah amekitoa Misri akakileta kwenye duka la pwani, karibu na reli ya Wajerumani, na kisa kimekaa kama kilizaliwa hapo.

Halafu kuna safari. Msafara wa Ami Aziz unakwenda bara, na huko mtawala mmoja anawapora bidhaa zao zote. Wasomi wameonesha kwamba sehemu hii inatokana na maandishi ya Waswahili wenyewe. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapa mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, na ndani yake Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, mizigo, njaa, hongo na kuporwa. Wako pia waliotambua ndani ya Peponi jibu kwa Joseph Conrad, yule aliyeandika juu ya Mto Kongo kana kwamba Waafrika wa kandokando yake hawana la kusema. Wote wawili wamo, ni kweli. Lakini katika hao wawili, anayestahili kutajwa kwanza ni Selemani. Kwa miaka mingi fasihi ya Afrika imekuwa ikipimwa kwa kuulizwa imemjibuje Mzungu fulani, na mtu wa pwani aliyeandika safari yake kwa lugha yake, miaka ileile ya Conrad, anasahauliwa. Gurnah hakumsahau.

Shakespeare naye alibaki. Riwaya ya Gravel Heart ya mwaka 2017 imechukua jina lake katika tamthilia ya Measure for Measure, na imechukua pia fundo la kisa: mwanamke anatakiwa autoe mwili wake ili ndugu yake aachiwe gerezani. Gurnah amekipeleka Unguja baada ya Mapinduzi, katika nyumba ambamo baba amehama bila kusema sababu na mtoto anakua akijiuliza. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alisoma pia kwa kazi. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Kent mwaka 1982, ilihusu uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, kisha akarudi Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Aliandika uhakiki juu ya wenzake, na alihariri kitabu cha Chuo Kikuu cha Cambridge juu ya Salman Rushdie.

Sasa, starehe zake. Msomaji akitafuta anasa katika vitabu hivi hatazipata. Starehe za Gurnah ni zile ambazo mtu wa Kibiti anazo nyumbani kwake. Katika Afterlives ya mwaka 2020 kuna baraza ya Khalifa, karani mwenye maneno mengi, ambapo jioni rafiki zake wawili wanakuja kukaa, wanapeana habari za mji, wanabishana, wanakunywa kahawa, mpaka usiku unawatawanya. Kurasa hizo ni tamu kuliko nyingi za vita. Katika Peponi kuna bustani yenye maji na miti ya matunda, na mtunzaji wake Mzee Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru akakataa kuondoka, anayefanya kazi kimyakimya kama anayesali. Katika By the Sea ya mwaka 2001 kuna udi.

Kisa cha udi kinatosha peke yake. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 aliyewahi kuwa na duka la samani Unguja, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Ana begi dogo, na ndani yake kijikasha cha udi wa qamari. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, ananusa, anauliza maswali, mwishowe anakichukua. Mwanamume huyu alishapoteza duka, nyumba, mke na binti. Lakini mwandishi ametuweka sisi tuumie kwa kile kijikasha, kwa sababu harufu ya udi ndani ya chetezo ni nyumba nzima, ni kanga zilizofukizwa, ni Ijumaa, ni harusi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mzungu ameelezwa, na ameeleweshwa vizuri.

Hata habari ya Nobel ilimkuta katika starehe ya aina hiyo. Tarehe 7 Oktoba 2021 alikuwa jikoni kwake anajiandalia chai, simu ikalia. Alidhani ni wale matapeli wa simu na alitaka kuikata. Mtu wa upande wa pili, kutoka Akademia ya Uswidi, ilibidi ambembeleze aamini. Tangu Wole Soyinka mwaka 1986, hakuna Mwafrika mweusi mwingine aliyekuwa ameipata tuzo hiyo. Rais Samia Suluhu Hassan alimpongeza, Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar alimpongeza, na huku nyumbani ukazuka mjadala mkali: ni wetu au si wetu? Wengine walisema aliondoka, ana uraia wa watu, na sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Wengine walijibu kwamba mtu haulizwi pasipoti ya mahali kilipozikwa kitovu chake.

Mjadala ule ulikuwa na kasoro moja kubwa: wengi waliobishana hawakuwa wamemsoma. Haikuwa kosa lao. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, vya bei ya Ulaya, na havikuwapo kwenye maduka ya Kariakoo, sembuse Utete. Mtu akisomwa, swali la uraia linakuwa dogo.

Turudi Ngarambe, kwa sababu ahadi ya mwanzo haijalipwa. Afterlives inaanza katika nchi ambayo Wajerumani wanaendelea kuizima kwa bunduki na njaa, na Maji Maji vinatajwa mapema. Makadirio ya waliokufa kwa vita vile na njaa iliyofuata yanaanzia 75,000, na wengine wanafika 300,000. Vitabu vya shule vinatufundisha nani alianzisha, nani alishindwa, kwa nini. Gurnah anauliza lililobaki. Wale askari weusi waliochoma maghala ya mahindi walikuwa watoto wa nani? Waliingiaje jeshini? Waliporudi, waliishi na nani?

Ndipo anatupa Hamza, kijana anayejiandikisha kuwa askari na kujuta karibu siku ileile. Anatupa Ilyas, aliyechukuliwa na askari utotoni, akasomeshwa na Wajerumani, akawapenda kiasi cha kwenda kuwapigania, na mwisho wake ni kambi ya mateso ya Wanazi. Mwisho huo una mfano wa kweli. Bayume Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam aliyelitumikia jeshi la Wajerumani akiwa mdogo sana, alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Vita vya Kwanza vya Dunia navyo vilikanyaga Rufiji hasa. Manowari Königsberg iliangamizwa deltani Julai 1915, na mwaka 1917 majeshi yote mawili yalizama katika matope ya masika kandokando ya mto, wapagazi wakifa kwa magonjwa na njaa. Majina ya maofisa yamo vitabuni. Ya wapagazi hayamo.

Si Gurnah peke yake katika waandishi wa Uingereza aliyeandika juu ya askari wa huku. Roald Dahl, yule ambaye watoto wa dunia wanampenda kwa hadithi zake, alikuwa kijana wa kampuni ya Shell Dar es Salaam vita vya pili vilipoanza Septemba 1939. Alipewa kikosi cha askari weusi akafunge barabara ya kusini ili Wajerumani wasikimbilie Msumbiji. Amesimulia mwenyewe katika Going Solo, mwaka 1986, na ni msimulizi hodari. Lakini askari wale tunawaona kwa macho ya bwana wao. Wanapiga saluti, wanafyatua risasi, wanatoweka. Hamza hatoweki. Tunamfuata mpaka anapooa.

Na ndoa hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kazi yake. Dada wa Ilyas, Afiya, alifundishwa na kaka yake kusoma na kuandika. Kaka alipokwenda vitani, mlezi wake akagundua kwamba msichana anajua kuandika, akampiga hadi akamvunja mkono. Afiya akaandika kijikaratasi cha maneno machache akakipeleka dukani ili kimfikie Khalifa, yule karani wa baraza, na Khalifa akaja kumtoa. Kijikaratasi hicho, ndani ya riwaya ya Kiingereza, kimeandikwa kwa Kiswahili. Miaka baadaye Hamza, aliyefundishwa Kijerumani na ofisa wake jeshini, anachukua mistari ya mshairi Schiller, anaigeuza kwa Kiswahili, anampelekea Afiya kama barua ya mapenzi. Lugha iliyotumika kutoa amri ya kuchoma vijiji inageuzwa Kiswahili ili mwanamume amwambie mwanamke kwamba anampenda. Mwandishi aliyesimulia hivyo anaijua thamani ya tafsiri kuliko mahakimu wote wa uraia.

Baada ya Nobel alitoa Theft, mwaka 2025, riwaya ya vijana wa Unguja na Dar es Salaam ya karibuni, ya hoteli za watalii na ndoa zinazovunjika. Ina maana bado anaandika, na bado anatuandika sisi.

Kwa hiyo, msikilizaji, ombi ni hili. Peponi ipo kwa Kiswahili tangu 2022. Mwalimu wa sekondari Kibiti na Utete, iagize nakala hata moja. Kijana unayesoma mjini na unarudi likizo Ngarambe, ibebe kwenye begi lako, na jioni wazee wakikaa barazani, wasomee kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukifika pale mtoto anapopanda garimoshi na ami asiye ami yake, simama kidogo, uwaulize wamesikia nini kwa babu zao kuhusu miaka ile, na uwe na kalamu mkononi.